Mashine Pepe Zinapogoma Baada ya Kusasisha Linux: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Umesasisha Linux, umewasha kompyuta upya kama ulivyoelekezwa, na unapofungua VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoigwa ndani ya kompyuta yako), unakutana na dirisha linalosema kwamba draiva ya kerneli (kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vya kompyuta) haijasakinishwa, pamoja na namba -1908. Mashine pepe zote zipo kwenye orodha, lakini hakuna hata moja inayowaka. Kabla ya kugusa chochote, fahamu kwamba mashine zako hazijaharibika. Diski zake ni mafaili ya kawaida yaliyo ndani ya folda yako, na usasishaji wa mfumo haukuyagusa. Kilichokatika ni kiungo kati ya kerneli mpya na programu inayoziendesha mashine hizo, na kiungo hicho huungwa tena bila kupoteza kitu.

Nalisema hili mapema kwa sababu hasara kubwa nilizoziona hazikuletwa na usasishaji, bali na tiba za haraka zilizofuata. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mashine iliyokuwa na kazi ya wiki tatu kwa kuchagua kuiondoa pamoja na mafaili yake yote, nikidhani nitaanza upya kwa usafi, ilhali kilichokosekana kilikuwa kifurushi kimoja tu. Kwa hiyo usiondoe programu, usifute mashine kwenye orodha, na usisakinishe mfumo upya mpaka umejua chanzo.

## Kwa nini usasishaji hukata kiungo hiki

Programu kama VirtualBox na VMware Workstation haziwezi kufanya kazi zikiwa programu za kawaida peke yake. Zinahitaji sehemu ndogo inayoingia ndani ya kerneli yenyewe, iitwayo moduli, ili ziweze kuutumia uwezo wa kichakataji wa kuendesha mifumo mingine. Kwa VirtualBox moduli kuu ni `vboxdrv`, ikifuatana na `vboxnetflt` na `vboxnetadp` zinazoshughulikia mtandao. Kwa VMware ni `vmmon` na `vmnet`.

Watengenezaji wa Linux hulinda kwa ukali mkubwa namna programu za kawaida zinavyozungumza na kerneli, lakini kuhusu mawasiliano ya ndani kwa ndani wamesema wazi kwamba hawaahidi uthabiti wowote. Kitendaji cha ndani kinaweza kubadilishwa jina, kuongezewa kigezo au kuondolewa kabisa katika toleo lolote. Ndiyo maana moduli iliyojengwa kwa ajili ya kerneli moja haikubaliki kwenye kerneli nyingine, na kila kerneli mpya inapoingia ni lazima moduli hizo zijengwe upya. Kwa kawaida kazi hiyo hufanyika yenyewe, nyuma ya pazia, na mtumiaji huitambua siku inaposhindikana.

KVM, njia ya Linux yenyewe ya kuendesha mashine pepe, iko tofauti. Moduli zake ni sehemu ya kerneli yenyewe na husasishwa pamoja nayo, kwa hiyo matatizo yake baada ya usasishaji ni ya aina nyingine kabisa, nami nitayafikia baadaye.

## Huduma ya kwanza: rudi kwenye kerneli ya zamani

Iwapo una kazi ya haraka, huna haja ya kurekebisha lolote sasa hivi. Mifumo mingi ya Linux huhifadhi angalau kerneli moja ya awali. Washa kompyuta upya, fungua menyu ya GRUB, programu inayoupakia mfumo (kwenye Ubuntu hufunguka kwa kubonyeza Esc au kushikilia Shift wakati wa kuwaka), ingia kwenye `Advanced options`, kisha uchague kerneli iliyotangulia. Mashine zikiwaka huko, umepata mambo mawili kwa mpigo: umeendelea na kazi, na umethibitisha kwamba tatizo liko kwenye kerneli mpya na si kwenye mashine zenyewe.

Ukiwa huko, nakili folda ya mashine zako kwenye diski nyingine. Kwa VirtualBox folda hiyo kwa kawaida huitwa `VirtualBox VMs` na huwa ndani ya folda yako ya nyumbani. Zima kwanza mashine zote, kwa sababu nakala ya diski inayotumika haiaminiki.

## Sikiliza kerneli inasema nini

Rudi kwenye kerneli mpya. Badala ya kulitazama dirisha la VirtualBox, ambalo huficha zaidi ya linavyoonyesha, jaribu kuipakia moduli wewe mwenyewe kwenye terminali:

    uname -r
    sudo modprobe vboxdrv

Amri ya kwanza hutaja kerneli inayofanya kazi sasa. Amri ya pili ikimaliza kimya, moduli imepakiwa na tatizo liko kwingine. Ruka hadi sehemu ya "Moduli imepakiwa, lakini mashine bado haiwaki". Ikilalamika, maneno ya lalamiko hilo ndiyo yatakayokuelekeza, na kwa uzoefu wangu ni moja kati ya haya matatu.

Ukiambiwa `Module vboxdrv not found`, moduli haikujengwa kabisa kwa ajili ya kerneli hii. Ukiambiwa `Exec format error`, moduli ipo lakini ilijengwa kwa kerneli nyingine au kwa mipangilio isiyolingana. Na ukiambiwa `Key was rejected by service`, au `Required key not available` kwenye mifumo ya zamani kidogo, moduli imejengwa vizuri lakini Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu tangu kompyuta inapowaka, inaikataa kwa kuwa haina saini inayotambuliwa. Hali mbili za kwanza hutatuliwa kwa kujenga upya. Ya tatu haiwezi kutatuliwa hivyo hata ukijenga mara mia, na watu wengi hupoteza siku nzima hapo.

## Kujenga moduli upya

Ili moduli ijengwe, mfumo unahitaji heda za kerneli, yaani mafaili yanayoeleza umbo la ndani la kerneli hiyo, na heda hizo lazima zilingane na toleo lililotajwa na `uname -r` herufi kwa herufi. Heda za toleo jirani hazifai. Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zake:

    sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

Kwenye Fedora:

    sudo dnf install gcc make kernel-devel-$(uname -r)

Kwenye Arch kifurushi ni `linux-headers`, au `linux-lts-headers` kwa wanaotumia kerneli ya muda mrefu. Watumiaji wa Arch wana mtego wao: kerneli inaposasishwa, folda ya moduli za kerneli ya zamani huondolewa papo hapo, kwa hiyo mpaka uwashe kompyuta upya hakuna moduli mpya inayoweza kupakiwa, hata ya kawaida kabisa. Iwapo `modprobe` inalalamikia folda isiyokuwepo chini ya `/lib/modules`, washa upya kwanza kisha uendelee.

Hatua inayofuata inategemea ulikoitoa programu yako, na hapa ndipo maelekezo mengi ya mtandaoni yanapowachanganya watu, kwa kuwa kila mwandishi hudhani msomaji ana kifurushi kile kile alichonacho yeye. Kwenye Debian na Ubuntu, hakikisha kwanza:

    dpkg -l | grep -i virtualbox

Ukiona `virtualbox-dkms`, unatumia kifurushi cha mfumo wako, na kazi ya kujenga moduli iko chini ya DKMS, zana inayozijenga upya kila kerneli inapobadilika. Angalia hali yake, kisha uiamuru ijenge:

    dkms status
    sudo dkms autoinstall
    sudo modprobe vboxdrv

Ukiona jina lenye namba ya toleo, kama `virtualbox-7.0`, unatumia kifurushi cha Oracle, ambacho hakitegemei DKMS bali kina amri yake:

    sudo /sbin/vboxconfig

Wanaotumia kifurushi cha RPM Fusion (hazina ya vifurushi vya ziada) kwenye Fedora wataendesha `sudo akmods --force`, na wenye VMware Workstation wataendesha:

    sudo vmware-modconfig --console --install-all

Ujenzi ukifanikiwa na moduli ikapakiwa, washa mashine yako. Huenda kazi imekwisha. Ukishindikana, usirudie amri ile ile ukitarajia jibu jipya. Fungua faili la kumbukumbu. Kwa DKMS ni `make.log` lililo ndani ya folda ya `build` ya moduli husika chini ya `/var/lib/dkms`, na kwa kifurushi cha Oracle ni `/var/log/vbox-setup.log`. Lisome kuanzia juu na utafute mahali pa kwanza penye neno `error`. Makosa yanayofuata baada ya hapo mara nyingi ni mwangwi wa lile la kwanza, na anayeanza kusoma chini huishia kufukuza kivuli.

Kosa hilo la kwanza huwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa moduli, inayokosekana au isiyolingana. Kerneli hujengwa kwa toleo fulani la kompaila ya GCC, na moduli zake hutarajiwa kujengwa kwa toleo hilo hilo. Mfano unaojulikana ni Ubuntu 22.04: kerneli yake ya 6.5 ilijengwa kwa GCC 12, wakati kompaila ya kawaida ya mfumo huo ni GCC 11, na watu wengi walikuta moduli hazijengwi mpaka walipoongeza kifurushi cha `gcc-12`. Toleo lililotumika kujenga kerneli yako utalisoma kwa amri hii:

    cat /proc/version

Sura ya pili ni msimbo wa moduli kutoielewa kerneli mpya. Utaona maneno kama `implicit declaration of function`, au malalamiko kwamba idadi ya vigezo vya kitendaji hailingani. Maana yake ni kwamba programu yako ni ya zamani kuliko kerneli, na hakuna kifurushi cha heda kitakachoiponya: inahitaji toleo jipya. Hali hii huwakuta hasa waliohamia toleo zima jipya la mfumo, si waliosasisha vifurushi vichache tu, na sababu yake ni rahisi kupitwa nayo. Ubuntu, wakati wa kuhamia toleo jipya, huzima hazina zote za vifurushi zisizo zake. Kwa hiyo hazina ya Oracle uliyoiongeza miaka miwili iliyopita sasa imelala, na VirtualBox yako imebaki na toleo lile lile la zamani huku kila kitu kingine kikisonga mbele. Iwashe tena hazina hiyo kwenye `/etc/apt/sources.list.d`, hakikisha jina la toleo la mfumo lililoandikwa humo ni jipya, endesha `sudo apt update`, kisha sasisha VirtualBox yenyewe. Kusasisha programu hakugusi mashine zako.

Iwapo kerneli yako ni mpya kiasi kwamba hata toleo la mwisho la programu halijaifikia, busara ni kubaki kwenye kerneli ya awali mpaka toleo linalofaa litoke. Sipendekezi viraka vya kubandika kwa mkono kwenye kompyuta ya kazi.

## Secure Boot na saini ya moduli

Thibitisha kwanza kama imewashwa:

    mokutil --sb-state

Ikiwa imewashwa, kerneli hukubali moduli zenye saini ya ufunguo inaoufahamu tu. Moduli uliyojijengea mwenyewe inaweza kusainiwa kwa ufunguo uliotengenezwa ndani ya kompyuta yako, lakini ufunguo huo lazima usajiliwe kwenye firmweya (programu ya msingi iliyo ndani ya ubao wa kompyuta), na usajili huo hukamilishwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta wakati inawaka. Huo ndio ulinzi wenyewe: programu mbaya haiwezi kujisajili kimyakimya.

Kwenye Ubuntu ufunguo huo huwa ni `/var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, kwenye Debian 12 ni `/var/lib/dkms/mok.pub`, na kwa akmods ya Fedora ni `/etc/pki/akmods/certs/public_key.der`. Usajili huanza hivi, kwa kuweka njia inayolingana na mfumo wako:

    sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utaombwa kubuni nenosiri la muda. Liandike mahali, kwa sababu utaliingiza mara moja tu baadaye. Washa kompyuta upya, na kabla mfumo haujapanda utaona skrini ya bluu. Hapo chagua `Enroll MOK`, kubali, ingiza nenosiri lile, kisha uache kompyuta iendelee. Skrini hiyo husubiri sekunde chache tu na kutoweka. Ikikupita, usajili unafutika na itabidi uanze tena na `mokutil`. Wengi hudhani njia nzima imeshindwa, kumbe walichelewa kubonyeza kitufe. Kumbuka pia kwamba skrini hiyo kwa kawaida hutumia mpangilio wa kibodi wa Marekani, kwa hiyo nenosiri lenye herufi na tarakimu za kawaida pekee litakuepusha na usumbufu.

VMware haisaini moduli zake yenyewe. Kwenye Ubuntu zisaini kwa mkono, ukirudia amri hii kwa `vmnet`:

    sudo /usr/src/linux-headers-$(uname -r)/scripts/sign-file sha256 \
      /var/lib/shim-signed/mok/MOK.priv \
      /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der $(modinfo -n vmmon)

Kuizima Secure Boot kwenye mipangilio ya firmweya nako kunaondoa kizuizi, na kwenye kompyuta ya majaribio ni uamuzi unaoeleweka. Kwenye kompyuta inayobebwa huku na huko, au yenye data za watu wengine, ningechukua dakika kumi za kusajili ufunguo badala ya kuuondoa mlango ili kuepuka kutafuta ufunguo wake.

## Moduli imepakiwa, lakini mashine bado haiwaki

Kama `modprobe` haikulalamika lakini mashine inakataa kuwaka ikitaja `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE` kwenye kichakataji cha Intel, au `VERR_SVM_IN_USE` kwenye AMD, basi kichakataji kimeshikwa na mwingine, na huyo mwingine karibu kila mara ni KVM.

Tatizo hili liliongezeka baada ya kerneli ya 6.12 kutoka mwezi Novemba 2024. Kabla yake, KVM ilipopakiwa ilikaa kimya na kuushika uwezo huo wa kichakataji pale tu mashine yake ya kwanza ilipowashwa. Tangu 6.12 inaushika mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama huna mashine yoyote ya KVM. VirtualBox ikifika inakuta kiti kimekaliwa. Ili kuthibitisha, iondoe moduli hiyo kwa muda, ukitumia `kvm_amd` kwa AMD:

    sudo modprobe -r kvm_intel

Mashine ikiwaka, chanzo kimepatikana. Suluhisho la kudumu ni kuirudishia KVM tabia yake ya zamani kwa kuongeza kigezo hiki kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`:

    kvm.enable_virt_at_load=0

Kisha endesha `sudo update-grub` na uwashe upya. Kwenye Fedora mabadiliko hayo hufanywa kwa amri moja:

    sudo grubby --update-kernel=ALL --args="kvm.enable_virt_at_load=0"

Naipendelea njia hii kuliko kuipiga KVM marufuku kabisa, kwa sababu inakuachia nafasi ya kuzitumia programu zote mbili, mradi usiziendeshe kwa wakati mmoja.

## Hitilafu ndogo zinazofuatana na toleo jipya la VirtualBox

Kifurushi cha nyongeza, kiitwacho Extension Pack, lazima kilingane na toleo la VirtualBox. Linganisha majibu ya `VBoxManage -v` na `VBoxManage list extpacks`, na yakitofautiana pakua kinacholingana.

Mtandao wa faragha kati ya mwenyeji (kompyuta yako) na wageni (mifumo iliyo ndani ya mashine pepe) unaweza kukataliwa kwa sababu ya anwani yake. Tangu toleo la 6.1.28, VirtualBox kwenye Linux inaruhusu tu anwani zilizo ndani ya 192.168.56.0/21 isipokuwa umeiambia vinginevyo. Kama mtandao wako ni 10.10.0.0/16, kwa mfano, andika mstari huu kwenye `/etc/vbox/networks.conf`, ukitengeneza faili hilo kama halipo:

    * 10.10.0.0/16

Mashine uliyoiacha ikiwa imesitishwa kabla ya usasishaji inaweza kushindwa kuamka chini ya toleo jipya. Amri ya `VBoxManage discardstate`, ikifuatwa na jina la mashine, huifuta hali iliyohifadhiwa na kuiwezesha kuwaka upya. Lakini ni sawa na kuichomolea umeme: chochote ambacho hakikuwa kimeandikwa kwenye diski kinapotea. Kama kazi iliyomo ni ya thamani, rudi kwanza kwenye toleo la awali la programu, amsha mashine, izime kwa utaratibu, ndipo usasishe.

## Kwa wanaotumia KVM na libvirt

Hapa hakuna moduli za kujenga. Angalia kama `/dev/kvm` ipo. Isipokuwepo, hakikisha kwamba kichakataji bado kinaonyesha uwezo wake:

    grep -E -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo

Jibu likiwa sifuri, uwezo huo umezimwa kwenye mipangilio ya firmweya, jambo linaloweza kutokea iwapo firmweya nayo ilisasishwa na mipangilio yake kurejea mwanzo.

Mashine zikionekana kutoweka zote, usiingiwe na hofu. Mara nyingi unaangalia orodha isiyo sahihi, kwa sababu libvirt, programu inayosimamia mashine za KVM, ina orodha ya mfumo na orodha ya mtumiaji mmoja mmoja:

    virsh -c qemu:///system list --all

Mashine zikiwepo lakini zikakosa mtandao, endesha `sudo virsh net-start default`, kisha `sudo virsh net-autostart default`.

Tatizo linalohitaji uangalifu zaidi ni la aina ya mashine. Kila mashine ya QEMU, programu inayoiga vifaa vya mashine za KVM, imeandikwa kuwa inaiga ubao wa toleo fulani, na matoleo ya zamani sana huondolewa kadiri QEMU inavyosonga mbele. Ukiambiwa kwamba QEMU haiungi mkono `machine type` iliyotajwa, hifadhi kwanza maelezo ya mashine hiyo, tazama aina zilizopo, kisha uhariri, ukiweka jina la mashine yako mahali pa `seva1`:

    sudo virsh dumpxml seva1 > seva1.xml
    qemu-system-x86_64 -machine help
    sudo virsh edit seva1

Badilisha thamani ya `machine=` tu, na ubaki ndani ya familia ile ile: iliyokuwa `pc-i440fx` iende kwenye `pc-i440fx` mpya, na iliyokuwa `pc-q35` iende kwenye `pc-q35` mpya. Kuruka kutoka familia moja hadi nyingine hubadilisha mpangilio wa vifaa vyote, na mfumo mgeni unaweza kushindwa hata kuiona diski yake.

## Aliyesasishwa akiwa ni mgeni

Kama Linux iliyosasishwa ni ile iliyo ndani ya mashine pepe, dalili ni nyingine: skrini inakwama kwenye ukubwa mdogo, folda za pamoja zinapotea, au kunakili na kubandika kunakoma. Sakinisha heda ndani ya mgeni huyo kwa njia ile ile tuliyoiona, kisha ujenge upya nyongeza zake kwa `sudo /sbin/rcvboxadd setup`, na ukishindwa usome `/var/log/vboxadd-setup.log`.

## Kabla ya usasishaji unaofuata

Uliposakinisha heda kwa `$(uname -r)` ulipata heda za kerneli hiyo moja tu, na kerneli ijayo itakurudisha hapa hapa. Sakinisha kifurushi kinachoifuata kerneli kila inapobadilika: `linux-headers-generic` kwenye Ubuntu wa kawaida, `linux-headers-amd64` kwenye Debian. Zima mashine zote badala ya kuzisitisha. Baada ya usasishaji, na kabla ya kuwasha kompyuta upya, kama unatumia DKMS tazama `dkms status` na uhakikishe kwamba kerneli mpya imetajwa humo ikiwa na neno `installed`. Ikikosekana, tatizo utalishughulikia ukiwa bado kwenye mfumo unaofanya kazi.